Hawakumwuliza Bwana

Leo tunapenda tufungue pamoja kitabu cha Yoshua, sura ya 9.

Wana wa Israeli walikuwa wamepiga kambi Gilgali. Yeriko na Ai zilikuwa zimekwisha anguka. Ndipo wakaja watu wenye nguo zilizochakaa, viatu vyenye viraka, viriba vilivyopasuka, na mkate mkavu wenye ukungu. Wakasema wametoka nchi ya mbali, wakaomba agano la amani. Viongozi wa Israeli hawakuwa wajinga. Waliuliza maswali, wakavitazama vyakula vyao. Lakini jambo moja hawakulifanya: hawakumwuliza Mungu. Wakaapa. Baada ya siku 3 wakajua ya kuwa watu wale ni Wagibeoni, majirani zao kabisa.

Je, sisi hatufanyi vivyo hivyo? Sisi pia twautazama mkate. Tukipewa kazi mjini, twauliza mshahara ni kiasi gani. Binti yetu akiposwa, twauliza kijana ana elimu gani. Tukitaka kuuza sehemu ya shamba, twauliza bei. Maswali hayo si mabaya. Mungu ametupa akili ili tuitumie. Lakini mara nyingi twakata shauri kwanza, kisha twapiga magoti kumwomba Mungu atie sahihi yake chini ya yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi nyumbani kwetu tulimdhamini rafiki aliyetaka mkopo. Alikuwa mtu wa heshima, na karatasi zake zilikuwa safi. Tulitia sahihi jioni ile ile, bila kuomba. Twakiri wazi: tuliogopa kwamba tukiomba, Mungu angetukataza, nasi tulikuwa tumekwisha mwahidi rafiki yetu. Rafiki akashindwa kulipa. Tukalilipa deni lile kidogo kidogo kwa miaka 2, na karo ya watoto ikachelewa kila muhula.

Siku hizo tulipata faraja katika sura ya 10. Viongozi wa Israeli hawakuvunja kiapo chao, ingawa walidanganywa. Na wafalme 5 walipoishambulia Gibeoni, Yoshua alitembea usiku kucha kutoka Gilgali ili awaokoe watu wale wale waliomdanganya. Tena Bwana alisema naye, akamwambia asiogope. Mungu hakumwacha mtumishi wake ndani ya kosa lake. Alimwongoza kuanzia pale pale alipokuwa.

Basi, ndugu msikilizaji, kama bado hujatia sahihi, ngoja. Soma Neno, omba, zungumza na mzee wa kanisa au Mkristo aliyekomaa, nawe uwe tayari kuambiwa hapana. Jambo lisilokubali kungoja usiku mmoja wa maombi, litilie shaka. Na kama umekwisha tia sahihi na sasa unajuta, usijifiche mbele za Mungu. Timiza neno lako kwa uaminifu, na umwulize leo yule ambaye hukumwuliza jana.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwa mara nyingi tumekujia mwisho. Utufundishe kukujia kwanza, na kupokea jibu lako. Katika jina la Yesu. Amina.