Mapatano Yasiyotunzwa Hayadumu



Mtu akitoka Ghuba ya Ferguson, mahali wavuvi wanapokausha samaki kando ya Ziwa Turkana, akapita Lodwar na kufuata barabara ya kaskazini-magharibi, atafika Kakuma. Mwaka 1992 walifika huko maelfu ya watu waliokimbia vita vya Sudani, na wengi wao walikuwa wavulana wasio na wazazi. Kambi ile ingalipo hata leo. Yafaa kuuliza: mbona watu hukimbia tena, na hali mapatano yalifanywa?

Vita vya kwanza vya Sudani vilianza mwaka 1955, kwa kuwa watu wa kusini waliona mamlaka yote yamo mikononi mwa watu wa kaskazini. Mwaka 1972 pande mbili zilipatana Addis Ababa, na kusini ikapewa serikali yake ya jimbo. Lakini mwaka 1983 Rais Nimeiri aliigawa kusini katika majimbo matatu, akatangaza sheria ya Kiislamu nchi nzima. Ahadi ikavunjwa, na vita vikarudi. Mapatano mengine yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na Sudani Kusini ikapata uhuru mwaka 2011. Hata hivyo, Desemba 2013 wakubwa wa nchi hiyo mpya waligombania madaraka, askari wao wakapigana, na raia wakashika tena njia ya Kakuma. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Sasa na tutazame magharibi ya Lodwar, huko Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda. Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walikuwa wakinyang'anyana mifugo na kuuana. Shina la ugomvi lilikuwa malisho na maji wakati wa ukame. Mwaka 1973 wazee wa pande zote mbili walikutana Lokiriama, wakafukia silaha ardhini, wakapatana kuishi kama majirani. Mapatano hayo yalijaribiwa sana mwaka 1979, serikali ya Idi Amin ilipoanguka, na bunduki za kambi ya askari ya Moroto zikachukuliwa na kuenea Karamoja. Si kwamba wizi ulikoma kabisa. Lakini mapatano hayakufa. Wazee waliwasimulia vijana, watu hukusanyika Lokiriama kuyakumbuka, na ukame ukizidi Waturkana huvuka mpaka na mifugo yao kutafuta malisho kwa jirani zao.

Tofauti ni hii. Watu wa Lokiriama walilishika jambo lenyewe waliloligombania, na waliopatana ndio walioishi na mapatano yao. Huko Sudani ahadi ilikuwa mikononi mwa wakubwa wachache, nao walipobadili nia, haikuwa na mlinzi.

Neno hili lawahusu pia wavuvi. Kaskazini ya ziwa, kati ya Waturkana na Wamerille wa Uhabeshi, ugomvi wa malisho na mahali pa kuvulia umemwaga damu nyingi. Mwezi wa Mei 2011 watu wengi waliuawa upande wa Todonyang. Silaha zikichukuliwa na ugomvi ukaachwa, silaha nyingine zitatafutwa. Hapana budi wazee wa pande zote wapatane nani avue wapi, na wizi ukitokea mali irudishwe upesi kabla vijana hawajalipiza kisasi.

Mvuvi huutazama wavu wake kila arudipo pwani, akashona tundu lingali dogo. Mapatano nayo yataka kazi iyo hiyo.