Jicho la Serikali na Mpaka Wake
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Mishamo





Tumeombwa tuzungumze juu ya mpaka wa madaraka ya Serikali: ni wakati gani yaweza kumchunguza raia, kumzuia au kumhamisha, na ni nani anayeisimamia inapofanya hivyo. Wako waliouliza kama jambo hili si siasa. Tunawakumbusha habari za Nabothi. Shamba lake lilitakiwa na mfalme Ahabu, naye akakataa kulitoa. Barua ziliandikwa kwa jina la mfalme na kupigwa muhuri wake, mashahidi wawili wa uongo wakatafutwa, na wazee wa mji wakakaa kumhukumu. Utaratibu ulionekana kufuatwa, ila haki haikuwapo. Nabii Eliya hakusema kwamba hayo ni mambo ya ikulu. Alikwenda.

1. Tulikotoka

Makazi ya Mishamo yalifunguliwa mwaka 1978. Wengi wa waliohamishiwa hapa walitoka makazi ya Ulyankulu, Tabora, baada ya kuikimbia Burundi katika mauaji ya mwaka 1972. Tanzania iliwapokea na kuwapa ardhi, na wema huo hatuusahau. Lakini pamoja na ardhi ulikuja udhibiti. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Aliyetaka kwenda Mpanda kumwona mgonjwa, au kuuza mazao yake, ilimpasa kwanza kueleza ofisini aendako na sababu ya safari yake. Aliyekutwa njiani bila karatasi aliweza kukamatwa.

Hatusemi kwamba kila mkuu wa makazi alikuwa mkatili. Wako waliotenda kwa utu. Tunachosema ni kwamba ruhusa ya kutembea ilikuwa mikononi mwa ofisi moja, na aliyenyimwa hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Akija mkuu mwema, watu hupumua. Akija mwingine, hujificha. Haki inayotegemea moyo wa mtu aliyeko zamu bado haijawa haki. Ni fadhila tu. Nao watu wanaoishi kwa fadhila hujifunza kunong'ona, kumshuku jirani na kukwepa ofisi.

2. Cheti kilichochelewa

Mwaka 2007 Serikali iliwapa wakimbizi wa mwaka 1972 nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Wapatao wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Kufikia mwaka 2010, watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuwa wamekubaliwa. Vyeti, hata hivyo, havikutolewa. Sharti lilikuwa kwamba kwanza wahame na kutawanywa katika mikoa mingine, na makazi yafungwe. Ni mwezi wa Oktoba 2014 tu ndipo vyeti vilipoanza kugawiwa, na sharti la kuhama likaachwa.

Tuitafakari miaka hiyo minne. Mtu aliyekana uraia wa Burundi na kukubaliwa Tanzania hakuwa na cha kuonyesha mkononi. Ajenge nyumba ya tofali, au asubiri kuhamishwa? Apande miembe, au mahindi ya msimu mmoja? Yote hayo yalitegemea uamuzi wa watawala, wala si hukumu ya mahakama. Na Katiba yetu, Ibara ya 17, inampa raia uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini.

Nchi yetu ilikwisha kuonywa. Mwaka 1988 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitamka kwamba sheria ya kikoloni iliyomwezesha Rais kumhamisha mtu kwa amri kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine ilikuwa kinyume cha Katiba.

3. Mpaka uko wapi?

Serikali ina wajibu wa kulinda watu na mali zao, na pengine italazimika kuchunguza. Tunaloomba ni kwamba jicho hilo liwe na mpaka. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake, na kuagiza kwamba sheria ndiyo iweke hali, namna na kiasi cha kuiingilia. Ibara ya 18 inalinda mawasiliano yetu. Hata Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, ilipotungwa mwaka 1996, ilisema kwamba si kazi ya Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu ya kushiriki katika kupinga jambo kwa njia halali. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2023, nasi tunawashauri wanaoweza waisome pamoja na marekebisho yake.

Basi, kila mara tujiulize maswali matatu. Je, sheria inaruhusu? Je, sababu inatosha? Je, yuko mwingine, asiye yule anayechunguza, wa kumwambia "Hapa umepita kiasi"? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa mno. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilikuwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Ubaya wake ni kwamba ilimruhusu Rais kumfunga mtu bila kesi. Tume ya Jaji Nyalali iliihesabu miongoni mwa sheria 40 zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa.

4. Hofu ya kunyang'anywa

Tunawasikia waumini wakisema: "Sisi ni raia wa cheti, tukisema, tutanyang'anywa." Hofu hii ina msingi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa Waziri uwezo wa kumvua mtu uraia wa tajnisi. Mwaka 2001 hata mwandishi mashuhuri Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mbunge, alitangaziwa na Serikali kwamba si raia. Lakini mwezi wa Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikosea kumvua uraia na kumfukuza mtu mmoja bila kumpa nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Mwaka uliofuata Serikali iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi kuipeleka moja kwa moja katika Mahakama hiyo. Mlango mmoja umefungwa. Mahakama zetu wenyewe zimebaki, nazo ndizo tunazopaswa kuzijua.

5. Wajibu wetu

Kwanza, tusiwe macho na masikio ya uonevu. Kiongozi wa jumuiya anayepeleka maneno ofisini ili kumkomoa jirani waliyegombana naye mpaka wa shamba, anafanya kazi ya mashahidi wa Yezebeli. Pili, tunapokataliwa jambo tuombe sababu kwa maandishi, kwa heshima na bila woga. Tatu, kila familia itunze vyeti vyake na kuwa na nakala mahali pengine. Nne, anayekamatwa asiachwe peke yake: jumuiya ijue yuko kituo gani, na imtafutie msaidizi wa kisheria.

Ndugu zetu, waliofika hapa mwaka 1978 walifyeka pori ili watoto wao waishi bila kukimbia tena. Tusiwarithishe watoto hao nyumba nzuri zenye watu wanaonong'ona.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni jambo gani tunaloogopa kulisema mbele ya viongozi, na kwa nini?
2. Je, sisi wenyewe tumewahi kupeleka habari za jirani bila haki? Tutatengenezaje?
3. Ni nani katika jumuiya yetu anayeijua sheria, na tutamsaidiaje awafundishe wengine?