TAA YA MBELE YA PIKIPIKI: TUPIME KABLA YA KUNUNUA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waendeshao pikipiki za kazi



 Leo hatuanzi na habari ya mshahara, ingawa mtaona kwamba maneno yetu yatafika huko. Tunasema juu ya taa ya mbele.

Wanachama wanaopeleka barua, chakula na mizigo wameleta ofisini shauri la namna moja mara nyingi. Pikipiki ya kazi imefungwa taa ya kununuliwa dukani, si ile iliyotoka nayo kiwandani. Siku chache zikipita taa inapepesa, au inafifia, au plagi ya taa inayeyuka. Ndipo mwajiri husema, "Wewe ndiwe uliyeiharibu," na bei yake inakatwa katika mshahara. Mwendeshaji hana la kujibu, maana hajui ubovu ulianzia wapi. Twataka kuanzia leo awe na la kujibu.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba mara nyingi taa yenyewe haina kosa. Umeme hutoka mahali, hupita katika swichi na waya, hufika kwenye globu, na kisha ni lazima urudi ulikotoka. Ubovu waweza kuwa popote katika njia hiyo. Mwenye kununua taa ya pili kabla ya kupima huenda akaifunga juu ya ubovu ule ule.

Basi, ijue pikipiki yako kwanza. Pikipiki ndogo nyingi za barabara zetu haziipi taa kubwa umeme wa betri. Taa hupata umeme kutoka kwa magneto wakati injini inapozunguka. Fungua swichi bila kuwasha injini. Ikiwa taa haiwaki mpaka injini ingurume, na mwanga unapanda na kushuka kwa kadiri unavyovuta mafuta, yaelekea pikipiki yako ni ya namna hiyo. Mita ikiwekwa upande wa AC itakuhakikishia.

Umeme huu wa magneto huenda na kurudi, hauendi upande mmoja kama wa betri. Globu ya zamani yenye uzi ndani haijali, lakini taa nyingi za LED hujali sana. Taa ya LED iliyotengenezwa kwa umeme wa betri ikifungwa hapo hupepesa, na hasa injini inapokwenda polepole. Taa haijaharibika, ila imefungwa mahali pasipo pake. Dawa yake ni kununua taa iliyotengenezwa kwa umeme wa namna zote mbili, au kuvuta waya mpya kutoka betri kupitia fyuzi na rilei. Lakini mwenye kuchagua njia ya pili asisahau kwamba magneto ya pikipiki ndogo haina nguvu nyingi ya kuongeza. Washa injini, washa taa, vuta mafuta kidogo, kisha pima kwenye betri. Volti zikikaa juu ya 13, ni vema. Zikishuka chini ya 12 na nusu, taa inaila betri, na asubuhi moja stata haitazungusha injini. Huko nako mtaambiwa ni ninyi.

Sasa habari ya wati, ambayo ndiyo huyeyusha plagi. Pikipiki nyingi ndogo zilitengenezwa kwa globu ya wati 35. Kwa volti 12 hiyo ni kama ampea 3. Mtu hutaka mwanga zaidi, akafunga globu ya gari ya wati 60, ambayo yataka ampea 5. Mtu asidhani kwamba tofauti ya 3 na 5 ni ndogo. Joto katika waya na katika swichi halipandi kwa kadiri ile ile. Hapo hupanda karibu mara tatu. Waya ni ule ule mwembamba, swichi ni ile ile. Ukishika plagi ya taa baada ya robo saa na mkono hauwezi kuvumilia, usingoje harufu.

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya namba ile ile. Tumeona karatasi ya fedha ya sigara imekunjwa mahali pa fyuzi, na tumeona waya wa shaba pia. Hiyo si fyuzi. Hapo kinachokatika ni waya zote, na tangi la petroli liko hatua moja tu kutoka hapo.

Taa ikiwa hafifu tu, siku zote, wala haipepesi, angalia waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme. Dalili yake ni kwamba nyuzi zote mbili za globu huwaka kidogo kidogo pamoja, au ile taa ndogo ya buluu ya dashibodi huwaka wakati hukuwasha mwanga mkubwa. Umeme umekosa njia ya kurudi, unajitafutia nyingine. Kwa taa inayolishwa na betri, kipimo ni hiki: washa taa, weka ncha moja ya mita kwenye athi ya taa na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, kutu au rangi imeziba. Asiye na mita na avute waya mmoja wa muda kutoka hasi ya betri hadi athi ya taa. Mwanga ukiruka, umeupata ubovu, na dawa yake ni msasa na kukaza skrubu. Baada ya mvua za masika tumewaona wengi wa namna hii.

Na ikiwa globu zinaungua moja baada ya nyingine, pima betri injini ikienda kasi. Zaidi ya volti 15, kifaa cha kuzuia volti kimekufa. Hapo hata ukifunga globu kumi, zote zitaungua.

Tulisema tutafika kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa, lakini iwe imeharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Globu ya wati 60 iliyofungwa kwa amri ya gereji ya mwajiri si kosa lako la makusudi. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwenye mahali pa kazi atunze vyombo vya kazi viwe salama. Kwa hiyo usiitupe globu iliyoungua. Wati zake zimeandikwa kwenye kitako. Andika tarehe, volti ulizosoma, na nani aliifunga taa, kisha ulete karatasi hiyo kwa katibu wa tawi kabla ya kutia sahihi kitu chochote.

Limebaki la kuelekeza taa. Wengi huielekeza pikipiki ikiwa tupu, kisha hupakia magunia nyuma, mwanga ukapanda machoni mwa dereva wa lori anayekuja. Ielekeze ukiwa umekaa juu yake na mzigo wako wa kila siku nyuma.

Pikipiki mbili ziko nje, moja ya betri na moja ya magneto. Wenye mita na bisibisi watangulie.