Shamba la Kondoo Lisikaguliwe Juni Pekee

Siku hizi mtumishi akikaribia kustaafu, mazungumzo yake ya jioni huhamia kwenye ekari mbili za Kibaha au Chalinze, na kondoo. Wazo lenyewe si baya. Kondoo hubeba mimba miezi mitano tu, hahitaji banda la gharama, na nyama yake haikosi mnunuzi. Ninalotaka kulizungumzia leo, ndugu wasikilizaji, ni kiinua mgongo kinachomalizikia kwenye ardhi ambayo mnunuzi ameikagua mara moja tu, tena akiwa na viatu vya ofisini.

Dalali ni mtu mwenye akili. Hukupeleka mwezi Juni, masika yakiwa yamekwisha, njia inapitika na majani bado mabichi. Nani hatavutiwa? Lakini ardhi hiyo ina sura nyingine mbili. Aprili, huenda nusu yake ikawa tope. Septemba, huenda ikabaki vumbi na visiki. Kondoo watakuwapo miezi yote hiyo.

Tuanze na chakula. Kondoo wa kilo 30 hula, kwa makadirio, majani yenye uzito wa kilo moja yakishakaushwa, kila siku. Majike kumi na dume mmoja watataka karibu tani nne kwa mwaka. Hebu zitazame ekari zako mbili, utoe sehemu ya nyumba, banda na miti, kisha ujiulize tani hizo zitatoka wapi wakati wa kiangazi. Kwa maoni yangu, anayeanza na majike watano na kupanda majani ya kukata ana busara kuliko anayeanza na ishirini.

Umbo nalo lina gharama. Ekari mbili za mraba zina mzunguko wa karibu mita 360. Ukiuziwa ukanda wa mita 40 kwa 200, ukubwa ni karibu ule ule, lakini uzio utakuwa mita 480. Bila uzio, mbwa wa jirani watakufundisha.

Jambo linaloua zaidi halionekani kwa macho, nalo ni minyoo. Kondoo hula akikwangua chini kabisa, tofauti na mbuzi apendaye vichaka. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yanaanguliwa, na mabuu hupanda kwenye majani yenye unyevu yakingoja kumezwa. Katika shamba dogo, mnyama hurudi kwenye kinyesi chake baada ya siku chache tu. Mnyoo mmojawapo hukaa tumboni akifyonza damu, hata ngozi ya ndani ya kope ikapauka na uvimbe ukatokea chini ya taya. Bondeni penye maji yaliyotuama kuna konokono wanaoeneza minyoo ya ini, na tope huleta kuoza kwato. Kwa hiyo tafuteni mwinuko unaopitisha maji, na ukubwa unaoweza kugawanywa vipande ili kila kimoja kipumzike mwezi mmoja na zaidi. Dawa ipo, lakini ikitumiwa ovyo minyoo huizoea.

Hata aina ya kondoo yafaa ifuate ardhi. Huko Diani, pwani ya Kenya, kati ya mwaka 1991 na 1996 watafiti walilinganisha kondoo mwekundu wa Kimasai na Dorper, aina iliyotokea Afrika Kusini. Dorper ana mwili mkubwa na hupendeza sokoni, lakini kwenye unyevu ule Mmasai ndiye aliyestahimili minyoo vizuri zaidi na kufa kidogo. Pwani yetu haiko mbali na ile.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sahihi ya mtu mmoja chini ya mwembe haitoshi.

Basi rudini Aprili, mkiwa na mabuti. Rudini Septemba. Mwulizeni jirani mwenye mbuzi, wala si dalali, kisima hukauka mwezi gani. Na kama pale hakuna afugaye kondoo hata mmoja, mwulizeni na sababu yake kabla hamjatoa fedha.