Nani Asimamishe Pambano la Ndondi?

Leo tutazungumza juu ya ndondi. Huenda ukajiuliza, muuguzi na ndondi wapi na wapi? Kijana akiumia kichwa ulingoni, ni sisi tunaoletewa.

Wengi wenu mnamkumbuka Robert Wangila, Mkenya aliyetwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988. Mnamo Julai 1994, huko Las Vegas, Marekani, alipigana na David Gonzales. Katika raundi ya 9 refa alisimamisha pambano. Wangila akalalamika, alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia nguo, alipoteza fahamu na hakuzinduka tena. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Hebu tuliangalie jambo hilo vizuri. Mtu aliyekuwa na jeraha la kuua kichwani alisimama kwa miguu yake, akabishana. Inawezekanaje? Ngumi ikitua, kichwa huzunguka ghafla na ubongo hutikisika ndani ya fuvu. Mishipa midogo ya damu iliyo juu ya ubongo inaweza kuchanika. Damu huvuja polepole, hujikusanya, kisha huukandamiza ubongo. Ndiyo maana bondia anaweza kuongea, hata kucheka na wenzake, halafu akaanguka baada ya dakika chache au saa kadhaa. (Kofia ya kinga hupunguza kupasuka kwa ngozi, lakini haizuii ubongo kutikisika.)

Kwa hivyo bondia asiulizwe kama anataka kuendelea. Kiungo anachotumia kujibu ndicho kilichoumia. Mashabiki nao wamelipa kiingilio, na mwandaaji anahesabu pesa. Hao wasiulizwe kabisa.

Wanabaki watatu. Refa yuko karibu, huona macho na miguu ya bondia. Kocha anamjua kijana wake tangu mazoezini na ana taulo mkononi, ingawa naye anatamani ushindi. Daktari aliye kando ya ulingo hana wa kumshangilia. Kisheria refa ndiye anayetangaza mwisho, lakini maoni yangu ni haya: yeyote kati ya hao watatu akisema basi, iwe basi. Kuendelea ndiko kunakohitaji wote watatu wakubaliane.

Shida yetu huku ni kwamba mara nyingi daktari hayupo. Niliwahi kuombwa nikae kando ya ulingo na sanduku la huduma ya kwanza. Nilipouliza gari la kumbeba mgonjwa liko wapi, mwandaaji alicheka, akaniambia kazi yangu ni kuzuia damu puani. Mimi nasema, kama hakuna daktari au mhudumu wa afya aliyepewa mamlaka ya kusimamisha, na hakuna gari lenye dereva na mafuta, kengele ya kwanza isipigwe. Wazazi na makocha, ulizeni hayo kabla kijana hajavaa glavu.

Akirudi nyumbani, asilale peke yake usiku huo. Mwangalieni. Akiumwa na kichwa kunakozidi, akitapika, akiwa na usingizi usio wa kawaida, akiongea ovyo, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukilegea, au akipata kifafa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje asubuhi. Msimpe aspirini, kwa kuwa huzidisha kuvuja kwa damu. Mwelezeni muuguzi kwamba alipigwa kichwani, na ni saa ngapi, hata kama yeye mwenyewe anakana.

Na aliyeangushwa kwa ngumi ya kichwa asipigane, hata mazoezini, kwa angalau siku 30, tena mpaka daktari amkague. Wiki ijayo tutazungumza juu ya shinikizo la damu. Kwaherini.