NAKALA YA TALAKA NI AMANA

Yafuatayo ni maneno ya hotuba ya mfasiri wa Serikali, aliyoitoa mbele ya wazee, akina mama na vijana katika kiwanja kilicho karibu na Ngome ya Yesu, Mombasa. Tumeyachapa hapa kwa kuwa hata wasomaji wetu walio mbali na mji, mashambani na visiwani, wana haja nayo.

Mkigeuza nyuso zenu mtaiona Ngome ya Yesu. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698, na tangu 1895 mpaka 1958 ilikuwa gereza. Leo ni nyumba ya makumbusho, na wageni hulipa ada ili waingie mahali ambapo zamani watu walitamani sana kutoka.

Nimeitaja kwa sababu moja tu. Kila gereza lina daftari. Huandikwa siku mtu aliyoingia, na huandikwa siku aliyotoka. Mfungwa aliyefunguliwa bila ya kuandikwa aweza kukamatwa njiani na kuambiwa kuwa ametoroka, naye hana la kujibu.

Ndoa si gereza, Mwenyezi Mungu apishe mbali. Lakini katika jambo hili la daftari mambo hayo mawili yanafanana. Siku ya kuingia katika ndoa watu hukusanyika, vigelegele hupigwa, na cheti huandikwa. Siku ya kutoka kila mtu hushika njia yake kwa huzuni au kwa hasira, wala hapana aulizaye kama imeandikwa. Leo nataka kusema habari za karatasi ya siku hiyo ya pili, yaani nakala rasmi ya talaka, na jinsi ya kuipata.

Mimi si kadhi wala si wakili. Kazi yangu ni kufasiri barua na hati za watu, na katika kazi hiyo nimeona machozi mengi yaliyotokana na karatasi moja isiyokuwapo.

Nitawapa mfano wa mama mmoja wa Mji wa Kale, nisiyetaka kumtaja jina. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akafungua pembe ya leso yake akatoa cheti cha ndoa. Akasema, "Mwanangu, hiki ninacho. Nisichokuwa nacho ni cha kuachwa." Mumewe alikuwa amemwacha miaka mingi iliyopita, kisha akavuka bahari kwenda Arabuni, asisikike tena. Marehemu baba yake mama huyo ndiye aliyefuatana na mume mpaka ofisini kuiandikisha talaka, na karatasi akaiweka katika sanduku lake. Mzee akafa, nyumba ikauzwa, sanduku likapotea. Katika mashahidi wawili, mmoja alikwisha fariki na wa pili hakujulikana aliko. Sasa mtu mwema alikuwa amemposa mama yule. Kadhi akauliza, kama ilivyo wajibu wake, "Uko wapi ushahidi wa talaka?" Wakaulizwa ndugu za mume wa kwanza, nao wakajibu ya kuwa hawana habari ya talaka yoyote.

Tazameni uzito wa jambo hili. Katika ndoa ya Kiislamu, mwanamume aliyemwacha mkewe aweza kuoa mwingine bila ya kuonyesha karatasi ya talaka, kwa kuwa hata kama asingaliacha, sheria yake yamruhusu wake mpaka wanne. Mwanamke haolewi hata ijulikane kwa yakini kuwa ameachwa na eda yake imekwisha. Basi talaka isiyo na ushahidi humwacha mume huru na kumfunga mke. Ndiyo sababu nasema kwamba karatasi hii, ingawa hutajwa kwa majina ya watu wawili, yamhusu zaidi mwanamke, na haifai kukaa katika mfuko wa mtu mwingine, hata awe baba yake.

Tulimwuliza mama yule, "Uliachwa mwaka gani?" Hakujua. Alikumbuka tu kuwa ilikuwa Mfungo Sita, siku za Maulidi. Kwamba mvua ya masika ilikuwa imeingia mpaka ukumbini. Na kwamba mtoto wake wa mwisho alikuwa hajaanza kutambaa.

Maneno hayo yalitosha. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Mfungo Sita huzunguka majira yote, na hurudi ulipoanzia baada ya miaka ipatayo 33. Maulidi yaliangukia mwezi wa Aprili na Mei, wakati wa masika, katika miaka ya 2003 mpaka 2006. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilionyesha Disemba 2003. Basi mwaka uliotafutwa ulikuwa 2004. Karani akafungua daftari ya mwaka huo, na hazikupita kurasa nyingi akaliona jina. Mama akalipa ada, akapewa risiti, kisha akapewa nakala yenye muhuri. Akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Ikiwa ni hivyo kwa mali, je, kwa uhuru wa mtu?

Desturi ya kuandikisha si ngeni kwetu. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906, na ilisema wazi kwamba kuandikishwa au kutoandikishwa peke yake hakuifanyi talaka kuwa halali wala batili. Uhalali hutoka katika dini. Daftari huleta ushahidi. Sheria hiyo ilidumu mpaka ilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya 2014, iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei mwaka huo na kuziweka ndoa zote za Kenya chini ya sheria moja. Talaka ya Kiislamu imebaki kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu, na kadhi anayetoa hukumu ya talaka hutakiwa kupeleka nakala kwa Msajili wa Ndoa. Nazo mahakama za makadhi, ambazo kulindwa kwake kulikubaliwa na Bwana Jomo Kenyatta na Bwana Mohammed Shamte wa Unguja mwezi wa Oktoba 1963, zimo katika Katiba ya 2010.

Sasa nawaeleza la kufanya.

Kwanza, jua ni talaka ya namna gani. Mume akitamka talaka na ikaandikishwa, utatafuta maandishi yaliyo katika daftari. Mke akijikomboa kwa mali, yaani khului, au kadhi akiivunja ndoa kwa sababu kama kukosa matumizi au mume kupotea, yaani fasakhi, utatafuta hukumu iliyo katika jalada la kesi. Ukiomba daftari mahali pa jalada utarudishwa nyumbani bure.

Pili, nenda mahali ilipoandikwa, si mahali unapokaa sasa. Talaka ya Lamu huanza kutafutwa Lamu, na ya Malindi huanza kutafutwa Malindi. Aliyeachana Tanga asitafute nakala Mombasa. Tanzania Bara ina sheria yake ya ndoa ya 1971, inayotaka talaka ipite mahakamani, na mahakama hiyo ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Tatu, chukua habari kamili: majina ya mume na mke pamoja na majina ya baba na babu, kama yalivyoandikwa siku ile, tarehe, au mwaka kwa kukisia, jina la kadhi, nambari ya kesi, kama unayo, na kitambulisho chako. Jihadharini na majina. Mji huu una akina Ali bin Mohamed wengi kuliko milango ya mtaa, na mtu aliyejulikana maisha yake yote kwa jina la utani hataonekana kwa jina hilo katika daftari. Na kama huijui tarehe, fanya kama yule mama: kumbuka mwezi wa Kiislamu, majira ya mvua au kusi, kuzaliwa kwa mtoto, au kifo cha mzee.

Nne, lipa ada ya Serikali na uchukue risiti, hata kama malipo yamefanywa kwa simu. Usimpe fedha mtu aliyesimama nje ya mlango akisema kwamba yeye ndiye ajuaye njia za ndani. Njia ni ile ya dirisha la karani.

Tano, isome nakala kabla ya kuondoka. Picha iliyotolewa kwa mashine ya dukani si nakala rasmi, hata ikiwa safi namna gani. Kwa sheria ya ushahidi ya Kenya, nakala iliyothibitishwa huwa na maneno chini yake ya kusema kuwa ni nakala ya kweli. Huwa na tarehe. Huwa na sahihi ya mtumishi mwenye kuitunza hati, pamoja na jina lake na cheo chake. Na muhuri, kama ofisi yake ina idhini ya kuutumia. Tazama pia majina, tarehe na idadi ya talaka. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa urahisi siku ile. Baada ya miaka kumi huwa kesi.

Huenda mtu akauliza, "Na kama haikuandikishwa kamwe?" Asikate tamaa, wala asinyamaze. Aende kwa kadhi aombe talaka ithibitishwe, akiwa na mashahidi walioisikia na barua yoyote ya mume, hata ikiwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono. Kadhi atawasikiliza, na akiridhika atatoa hukumu, na hukumu hiyo ndiyo itakayotolewa nakala. Lakini afanye hivyo upesi. Mashahidi huzeeka, husafiri na hufa. Na ulimi hauna mfupa, aliyesema ndiyo leo aweza kusema siyo kesho.

Ndugu zetu Wakristo, Mabaniani na wale waliooana kwa mila wasidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Talaka yao hutolewa na mahakama, na nakala hutafutwa katika mahakama ileile. Katika kesi nyingi hukumu hutoka kwa hatua mbili, ya muda kwanza na ya mwisho baadaye. Wengi huweka ile ya kwanza wakadhani wamemaliza. Lakini mlango hufunguliwa na ya mwisho. Ndoa za mila zilianza kuandikishwa na Serikali mwaka 2017, na tangu sheria ya 2014 waliooana kwa mila nao waweza kupeleka shauri la talaka mahakamani.

Liko jambo jingine, nalo ni urithi. Mume akifa baada ya talaka moja au mbili za rejea, na mke yungali ndani ya eda, basi mke yule ni mrithi: ana robo kama mume hakuacha mtoto, na thumuni kama aliacha. Eda ikiwa imekwisha, hana fungu. Basi tarehe iliyo katika nakala yaweza kumpa mjane haki yake, au kuwalinda watoto na dai lisilo la kweli. Bila tarehe hiyo, ndugu hugombana mbele ya kaburi lisilokauka.

Na wale wanaokwenda Maskati, Dubai au Ulaya kuolewa au kufuata waume zao wajue kwamba nchi ya kigeni yaweza kutaka nakala ithibitishwe tena na Wizara ya Mambo ya Nje, na ifasiriwe na mfasiri anayekubaliwa. Hayo yote hujengwa juu ya nakala rasmi. Mimi siwezi kufasiri muhuri usiokuwapo.

Mabibi na Mabwana, sikuja kuwahimiza watu waachane. Talaka ni jambo zito, na heri nyumba inayopatanishwa. Lakini ikiisha kutokea, na iandikwe, na kila mmoja wa wawili hao apate nakala yake. Baba asiweke ya binti, wala kaka asiweke ya dada. Ikunjwe vizuri, itiwe mahali pakavu, na nambari yake iandikwe mahali pengine. Kwani karatasi ikiliwa na mchwa, mwenye nambari hupata nyingine kwa siku chache, na asiye nayo hutafuta kama yule mama, kwa kukumbuka mvua.

Yeye aliolewa mwezi uleule. Aliponiletea sahani ya halua alisema, "Mwanangu, karatasi nimeiweka mwenyewe." Nami nawaomba ninyi nyote mkaiweke wenyewe.