Njia ya Kuja Hatta

Nimeombwa kusema juu ya usafiri, na nitaanza na aibu yangu. Mwezi wangu wa kwanza nilikuja huku na gari la kukodi, tukafuata njia fupi ya Al Madam. Mbele tukakuta kizuizi. Hatta ni Dubai, lakini imejitenga nayo. Barabara hiyo ya zamani, E44, inakatiza kipande cha ardhi ya Oman, na sisi tusio raia wa nchi za Ghuba hatupitishwi. Tukarudi, tukazunguka Sharjah, watoto wanalia njaa. Basi mwambieni dereva mapema: apite Sharjah.

Mwaka 2022 Mamlaka ya Barabara na Usafiri ilianzisha basi la H02 kutoka Dubai Mall, kila baada ya saa mbili, nauli dirhamu 25. Kwa mwenye familia si nauli ya kila siku, nasema wazi. Lipeni kwa kadi ya Nol.

Na mwenye gari: ukishuka mjini kuna milango ya Salik, inayotoza ushuru wa barabara tangu 2007. Haina mtu wala kizuizi, hujui umepita. Salio likiisha, inakuja faini. Jaza kabla ya kuondoka.